Kamera Inayoweza Kukatazwa

Katika familia nyingi za huku Rumonge, kununua kamera ya video huanza kama swali la pesa. Harusi inakaribia, au mtoto amemaliza chuo, au msiba wa mwaka jana unakaribia kufungwa, na watu wanajiuliza kama ni nafuu kumkodi kameramani kila mara au kuchanga na kununua kamera ya ukoo. Baadaye huja maswali ya fundi: inavuta picha kutoka mbali kiasi gani, betri inakaa saa ngapi, kadi inabeba kiasi gani. Mimi naona maswali hayo ni ya maadili, ingawa yamevaa nguo za ufundi. Anayechagua kamera anachagua nani atatazama, nani atatazamwa, na kama anayetazamwa ataweza kusema hapana. Dai langu katika insha hii ni kwamba kamera njema ya familia ni ile inayoweza kukatazwa. Najua dai hili lina mahali linapokwama, na nitafika hapo.

Sisemi haya kwa kuudharau ufundi. Chukua mfano wa gusaba, siku ya kuomba mchumba. Wasemaji wawili, mmoja wa kila upande, hupimana kwa mafumbo na mizaha kabla ng'ombe wa mahari hajatajwa, na anayetaka kuwaharakisha huonekana hana adabu. Sasa, kwa miaka mingi kamera nyingi za picha za kawaida, zile zinazorekodi video pia, zilikuwa zikijizima zinapofika dakika 29 na sekunde 59. Hazikuwa zimeharibika. Ushuru wa forodha wa Umoja wa Ulaya uliihesabu kamera inayoweza kurekodi dakika 30 mfululizo kuwa ni kamera ya video, na kuitoza zaidi; watengenezaji wakaona heri waifunge mapema. Hivyo karani wa forodha aliyeko Ulaya akawa anampimia mzee wa Rumonge muda wa kuzungumza! Kamera ya video yenyewe haina mpaka huo, inaendelea hadi kadi ijae au betri iishe. Kwa sababu hiyo peke yake ningeipendelea kwa gusaba.

Mwanga nao una habari yake. Kamera ikiachwa ipime mwanga yenyewe mbele ya gauni jeupe la bibi harusi, mara nyingi hulitunza gauni na kuuacha uso wake gizani. Jambo hili lina historia. Kwa miongo kadhaa maabara za kusafishia picha zilisawazisha rangi kwa kufuata kadi za Kodak zilizokuwa na picha ya mwanamke mweupe, kadi zilizoitwa "Shirley". Ngozi yake ndiyo iliyokuwa kipimo. Ngozi zetu zilikuwa tatizo la kutatuliwa baadaye, kama muda ukipatikana. Kamera za siku hizi ni afadhali sana. Hata hivyo mtu anayenunua kamera ya harusi yetu afanye kwanza jaribio hili dukani: amweke mtu mweusi kando ya shuka jeupe, kisha atazame. Na anunue sifongo la kufunika maiki, maana upepo wa ziwani hauheshimu hotuba ya mtu.

Lakini kwa nini turekodi? Kwa wengi wetu jibu linaanza na watu wasiokuwapo.

Vurugu zilizoanza huku kusini tarehe 29 Aprili 1972, na mauaji yaliyofuata nchini kote, ziliwafanya maelfu kwa maelfu wakimbilie Tanzania, wengine kwa njia ya ziwa hili hili. Wengi walipelekwa kwenye makazi ya Ulyankulu na Katumba, na baadaye Mishamo. Kuanzia mwaka 2007 wakimbizi wale wa 1972 walipewa nafasi ya kuchagua kati ya kurudi Burundi na kuomba uraia wa Tanzania. Zaidi ya 160,000 wakapata uraia. Makumi ya maelfu wakarudi, na kati ya hao wapo waliorudi huku Rumonge na Nyanza-Lac. Ndiyo maana ziko familia ambazo kaka ni Mtanzania wa Katumba na dada ni Mrundi wa Rumonge, wote wa tumbo moja, na nauli ya kwenda harusini ni zaidi ya mapato ya miezi kadhaa ya muuza ndagala.

Tena hao ni watu ambao hawana picha za zamani. Anayepanda mtumbwi usiku hakumbuki kubeba albamu. Na zile picha chache zilizobaki nyumba za ufukweni, maji ya ziwa yalipopanda mwaka 2024 na kuingia vyumbani, nyingine zilikwenda na maji. Kwa watu wa namna hii mkanda wa harusi si anasa. Ndugu aliyeko ng'ambo hakuchagua kukosekana, na mimi naamini kwamba asiyekuwapo bila hiari yake ana madai juu yetu tuliopo: ana haki ya kuiona sura ya mtoto wa dada yake siku anapoolewa. Mpaka hapo hoja yote inaelemea upande wa kurekodi, na kurekodi vizuri.

Halafu yuko shangazi yangu, dada wa baba. Alivuka akiwa mtoto, akarudi akiwa na wajukuu. Tulipoanza kuchanga pesa, yeye alitoa mchango wake kama wengine, kisha akasema kamera isimwelekee. Vijana walicheka kidogo, wakidhani ni mambo ya kizamani. Baba akamwomba aeleze. Akasema picha zote alizopigwa maishani zilikuwa za kuandikishwa: unapanga foleni, unakaa kwenye kigoda, unatazama mbele, karani anaandika namba. "Wanangu," alisema, "kila nilipopigwa picha kulikuwa na mtu anayeamua nitakaa wapi."

Hiyo ni hoja kamili, na haina uzamani wowote. Shangazi anajua jambo ambalo sisi tuliokulia na simu tumelisahau, kwamba sura ikitoka kwako inakwenda kukaa mikononi mwa mtu. Kumwambia kwamba sisi ni ndugu zake na tunampenda hakuiondoi hoja, kwa sababu mikono ile ya kwanza itaipa mikono mingine. Mfaransa Roland Barthes aliandika kitabu kizima juu ya picha, kikatoka mwaka 1980, na moyo wa kitabu hicho ni picha moja ya mama yake akiwa mtoto wa miaka mitano. Picha nyingine zimechapishwa kitabuni, hiyo haimo. Alitaka kuieleza bila kuionyesha. Nadhani shangazi na Barthes wangeelewana bila mkalimani.

Sasa tuna madai mawili. Wadogo zake shangazi walioko Katumba wanataka kumwona. Yeye hataki kuonekana. Njia nyepesi ni kuhesabu vichwa: watano wanataka, mmoja hataki, basi warekodi. Naikataa njia hiyo, na si lazima mtu awe amesoma Kant ili aikatae. Uso wa mtu haupigiwi kura. Lakini pia naikataa njia iliyo kinyume chake, kwamba kwa kuwa mmoja amekataa, kamera isiwashwe kabisa. Shangazi ana haki ya kuachwa nje ya picha, hana haki ya kuizima sherehe ya watu mia mbili, na kwa kweli hajawahi kuidai.

Hapa ndipo aina ya kamera inapokuwa na maana kuliko bei yake. Kamera kubwa kidogo, iliyosimamishwa juu ya miguu mitatu mahali panapojulikana, inampa shangazi uwezo wa kuchagua kiti. Anaiona. Anajua inatazama wapi. Tunapotazamana kwa macho, anayeniona nami naweza kumwona, na usawa huo ndio unaonipa nafasi ya kugeuza uso au kujifunga kitambaa. Lenzi inayovuta picha mara ishirini au thelathini, sifa ambayo kila muuzaji huitaja kwanza, inauvunja usawa huo: mtu yuko mstari wa mwisho nyuma ya ukumbi, naye anayachukua machozi ya mama wa bibi harusi kama aliyekaa magotini pake. Kamera nyingi za video zina taa ndogo nyekundu mbele inayowaka wakati wa kurekodi. Nyingi pia zinamruhusu mwenye kamera kuizima taa hiyo kwenye mipangilio, na kamera ikaendelea kurekodi kimya kimya. Sijasikia muuzaji anayemweleza mteja habari ya taa. Kwa maoni yangu ni swali la kwanza la kuuliza dukani, na jibu langu ni kwamba taa ya kamera ya familia isizimwe kamwe.

Mtu ataniambia: haya yote yamepitwa na wakati, kila mtu ana simu, nani anahitaji kamera ya video? Naam, ndiyo hasa sababu ya kuihitaji. Upande wa mama ni Waislamu wa mjini, na katika harusi zao wanawake huwa na nafasi yao. Mabaibui yanavuliwa, nywele zinaonekana, hina na dhahabu zinaonekana, bibi mtu mzima anacheza kama hatacheza tena. Uhuru wa humo ndani umejengwa juu ya makubaliano kwamba kinachoonekana humo kinabaki humo. Jambo hili si letu peke yetu. Mtafiti Heike Behrend, katika kitabu chake cha mwaka 2013 juu ya upigaji picha kwenye pwani ya Afrika Mashariki, ameonyesha jinsi video za harusi zilivyoleta hofu ya namna hiyo hiyo kwa wanawake wa pwani ya Kenya. Kuna wanaoukimbilia mjadala wa zamani kama picha ni halali au haramu. Mufti wa Misri Muhammad Bakhit al-Muti'i alikwisha kujibu zamani kwamba kamera haiumbi kitu, inakizuia kivuli tu. Sawa. Lakini kivuli kikishazuiwa, nani anakishika?

Sony ilipoleta Betamovie mwaka 1983, kamera ya kwanza ya nyumbani iliyounganisha lenzi na kanda katika kifaa kimoja cha begani, haikuweza hata kuonyesha ilichokirekodi. Ilibidi kanda irudi nyumbani ikawekwe kwenye deki. Wakati ule ilionekana ni upungufu. Mimi naona kulikuwa na hekima ndani yake, ingawa haikukusudiwa: kati ya kurekodi na kuonyesha kulikuwa na mwendo wa kwenda nyumbani, na katika mwendo ule mtu aliweza kusema, kanda ile nipe mimi. Simu imeufuta mwendo huo. Hina haijakauka, na bibi anayecheza amekwishafika Bujumbura, Dubai na Toronto. Simu ishirini chumbani ni macho ishirini yasiyo na mwenyewe, kwa sababu kesho ukiuliza nani ameituma kila mmoja atasema alitumiwa. Kamera moja ina mtu. Ikifika mahali isipotakiwa, tunajua nyumba ya kwenda kugonga.

Kuhusu kumbukumbu yenyewe nitasema machache. Kuna hofu kwamba anayerekodi hakumbuki. Ni hofu ya kale: katika Phaedrus ya Plato, Socrates anasimulia kwamba maandishi yatawafanya watu wasahau kwa kuwa watategemea alama zilizo nje yao. Mwaka 2014 mwanasaikolojia Linda Henkel wa Marekani alichapisha jaribio lililofanyika kwenye makumbusho: wanafunzi waliopiga picha vitu vizima walivikumbuka vibaya kuliko wale waliovitazama tu, lakini walioivuta picha karibu, kwenye sehemu moja ya kitu, hawakupatwa na hasara hiyo. Kwa hiyo kinachotunza kumbukumbu ni makini, na mtu mmoja anayerekodi kwa niaba ya wote anawaachia wengine macho yao. Hiyo ni sababu ya ziada, si ya msingi.

Nimesema dai langu lina mahali linapokwama. Ni kuganduka.

Wenzangu wasiotoka Burundi niwaeleze kwa ufupi. Kuganduka ni siku ya kufunga msiba, kwa kawaida mwaka mmoja au zaidi baada ya mazishi. Ndugu na majirani hukusanyika, watu wanakunywa, wanaomdai marehemu na waliodaiwa naye wanaitwa waseme, na anayeshika nafasi yake anatajwa mbele ya wote. Kwa upande wa baba, vilimani juu ya mji, hakuna sherehe yenye uzito kuliko hiyo, kwa sababu ndiyo siku ardhi inapotajwa. Na ardhi ya huku si jambo la mchezo. Baada ya 1972 mashamba ya waliokimbia yalishikwa na wengine; waliporudi, mwenye hati na mwenye kumbukumbu wakakutana juu ya mchikichi mmoja. Mwaka 2006 serikali iliunda tume ya ardhi na mali nyingine, CNTB, kwa ajili ya migogoro ya aina hiyo, na bado iko nyumba ambayo haijaisha kuizungumza.

Mzee katika kuganduka huongea kwa namna yake. Anaweza kusema: mtoto huyu akae pale bondeni mpaka apate pake. Maneno hayo hayana tarehe wala mipaka, na kwa miaka mingi huo ndio ulikuwa wema wake. Yaliwaruhusu watu wawili waliokuwa na haki inayogongana waishi jirani bila yeyote kuaibishwa. Ukiwasha kamera, mzee huyo huyo atasema kidogo, au atasema kama anayesoma hati, au atakaa kimya. Neno ambalo lingeweza kulainishwa wiki ijayo limekuwa ushahidi. Kwa hiyo wapo wazee, na si wabaya, wanaosema kamera izimwe ikifika sehemu ya ardhi. Kwa kanuni yangu ya kamera inayoweza kukatazwa, ningepaswa kuwaunga mkono.

Siwaungi. Tuangalie nani anafaidika na maneno yasiyo na mipaka. Burundi haina sheria iliyoandikwa ya mirathi. Mila ndiyo inayogawa, na mila haimpi binti shamba kama inavyompa kijana. Mjane naye anabaki kwa hisani ya shemeji zake. Ulaini wa maneno ya mzee humsaidia aliye na nguvu ya kuyafasiri kesho, na mara nyingi huyo si mjane. Amesikia kwa masikio yake, mbele ya watu sitini, kwamba michikichi ile ya chini aachiwe yeye na watoto wake. Baada ya miaka mitatu, kati ya wale sitini hakumbuki hata mmoja.

Kwa hiyo nimelazimika kuipunguza kanuni yangu, na naiona imekuwa bora baada ya kupunguzwa. Haki ya kukataa kamera inahusu uso, mwili, machozi, ngoma ya bibi chumbani: vitu ambavyo ni vya mtu mwenyewe na ambavyo sisi wengine tumeviona kwa ukarimu wake. Ahadi ni kitu kingine. Ukishaitamka mbele ya mashahidi, nusu yake ni ya yule uliyemwahidi, naye ana haki ya kuihifadhi nusu yake. Mzee akisema zimeni kamera nisikilize machozi yangu peke yangu, izimwe. Akisema izimeni nigawe shamba, nitamwuliza kwa heshima zote anamficha nani.

Kuna pingamizi moja zito lililobaki, nalo linamhusu mshika kamera. Mtu mmoja mwenye kamera moja ana madaraka. Akiwa daima ni mwanamume, na daima wa nyumba yenye uwezo, mkanda wa ukoo utakuwa mkanda wa nyumba ile: wakwe maskini wataonekana migongo. Katika mikanda ya harusi niliyowahi kuitazama, wapishi hawaonekani kabisa, ingawa wali uliliwa. Sina dawa kamili. Kupokezana kunasaidia, na katika nafasi ya wanawake ashike mwanamke aliyekubaliwa na walio ndani.

Sisi tumenunua kamera iliyokwisha kutumika, isiyo na uwezo wa kujiunga na intaneti, na wapo ndugu waliosikitika kwamba pesa zile zingeongezwa kidogo zingetosha simu nzuri. Kwenye harusi ya binti wa mjomba itashikwa na mdogo wake wa kike, na simu zitaachwa mlangoni kwenye kapu. Kuganduka kwa babu ni kiangazi kijacho. Mke wa marehemu baba mdogo ameomba kamera iwake sehemu ya ardhi. Wajomba zangu na baba zangu wamegawanyika. Shangazi, ambaye hakuna aliyetarajia aseme, amependekeza kifuniko cha lenzi kirudishwe mahali pake sehemu hiyo ikianza, sauti peke yake irekodiwe, na kadi inakiliwe mara mbili, nakala moja kwa baba mkubwa na nyingine kwa mjane. Baba mkubwa bado hajajibu.